Miguu Mikavu Haikutangulia

Miguu mikavu haikutangulia. Mmeisikia leo mkutanoni, pale mwenyekiti wa kamati ya maji alipokuwa akipokea pongezi za bomba ambalo mtaro wake ulichimbwa na wengine. Mzee Kaniki akaitupa methali hiyo kutoka nyuma, kwa sauti ya chini tu, na watu wakaangua kicheko. Nanyi vijana mkacheka kwa sababu mliona watu wanacheka. Sasa mnauliza imetoka wapi. Haya, sogeeni, kila mmoja ashike maharage yake apukuchue, maana hadithi ya bure humfunza mtu uvivu. Methali hii si ya kale, wala haikuletwa na vita vya machifu. Ilizaliwa na darasa la kwanza la Shule ya Msingi Kwemavumba, kwenye ukuta uliopigiliwa misumari, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Mwaka mmoja shule ililetewa mwalimu mpya, jina lake Hidaya. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Pangani, mwenye mwandiko wa kupendeza na macho yasiyopitwa na kitu. Alipanda milima yetu na sanduku moja na blanketi moja, na usiku wa kwanza akagundua kwamba blanketi la Pangani huku ni kama leso. Akapewa ile nyumba ya mwalimu iliyo hatua ishirini tu kutoka darasani. Katikati ni uwanja mtupu, umefagiliwa mpaka mchanga unaonekana. Hizo hatua ishirini msizisahau.

Darasa alilolikuta lilikuwa la watoto arobaini na mmoja, na kila mtoto alikuwa na asubuhi yake. Huyu anafika saa moja, yule saa mbili na nusu huku anatafuna muhogo, mwingine anafika mapema kisha anapotelea nyuma ya vyoo kucheza gololi. Walimu waliomtangulia walijaribu kuimaliza shida hiyo kwa fimbo, na fimbo ilikuwa haijaimaliza. Mwalimu Hidaya hakupenda kuchapa. Aliamini kwamba mtoto mdogo huvutwa na kitu anachokitamani, na katika hilo hakukosea. Basi akatunga utaratibu wake.

Kila mtoto alitengenezewa kibao kidogo chenye jina lake. Jioni vibao vyote vililala kapuni. Asubuhi, ukifika, unachukua kibao chako unakitundika ukutani, aliyefika kwanza kwenye msumari wa kwanza, wa pili kwenye wa pili, mpaka mstari uishe. Baada ya hapo unafagia sehemu yako, unanawa mikono kwenye pipa lililo nyuma ya jiko la uji, unangoja kengele, yaani ile rimu ya lori iliyoning'inizwa barazani. Saa moja kamili mwalimu anatoka nyumbani kwake, anazivuka hatua zake ishirini, anausoma ukuta, kisha anakagua watoto: kucha, meno, nguo, miguu. Walio safi na wakavu walisimama mstari wa maua, upande unaopigwa na jua. Wenye matope na nguo zilizolowa walisimama mstari wa sabuni, kivulini, wakajisafisha huku wenzao wakiimba.

Mwenye msumari wa kwanza alipewa kizibo kimoja cha soda, kikatungwa kwenye uzi wake dirishani. Siku ya kufunga shule, mwenye uzi mrefu kuliko wote angepata sweta. Lilikuwa sweta la kijani la shule, na mwalimu alilifuma mwenyewe kila jioni. Alilileta darasani likiwa bado na mkono mmoja, akalitundika juu ya ubao ili watoto wajue wanachokishindania. Ninyi mnajua mwezi wa sita wa huku ulivyo. Watoto walilitazama lile sweta kama wenye njaa wanavyotazama chungu kilicho jikoni.

Aliyelitazama kuliko wote ni Semeni, mtoto wa miaka saba kutoka Kwekilole, kule ng'ambo ya bonde. Aliishi na bibi yake, Bibi Chausiku, wawili tu katika nyumba. Jina lake Semeni lakini kusema hakukuwa kazi yake. Ukimwuliza jambo alijibu kwa neno moja, na kama neno moja lilikuwa jingi, alijibu kwa kichwa. Sweta hakuwa nalo. Alijifunga kipande cha kanga shingoni, juu ya shati lililowahi kuvaliwa na watoto wengine watatu.

Bibi Chausiku mwenyewe alikimbia umande, hajui a wala be, na mjukuu wake alimpeleka shule kwa shingo upande. Alikuwa na binti Korogwe aliyekuwa akitafuta mtoto wa kumlelea mchanga wake. Bibi alisema wazi mbele ya watu: Semeni akisoma vizuri atasoma, lakini siku shule itakapomwona hafai, ataenda Korogwe kulea. Kwa hiyo wenzake walikuwa wakishindania sweta, lakini Semeni alikuwa na la zaidi la kupoteza, na hilo mwalimu hakulijua.

Wiki tatu za kwanza Semeni aliushika msumari wa kwanza karibu kila siku. Uzi wake ukafika vizibo kumi na viwili. Halafu mambo yakaanza kuyumba. Siku moja msumari wa kwanza una kibao cha Semeni, kesho yake una cha Mhina, keshokutwa cha Semeni tena. Mhina naye ni wa Kwekilole, mtoto wa mwenye duka, mwenye soksi nyeupe na miguu inayong'aa mafuta. Asubuhi moja alimfuata mwalimu barazani, akasema kwa kunong'ona, "Mwalimu, mimi ndiye ninayetangulia. Semeni anahamisha vibao."

Neno kama hilo likishaingia sikioni kwa mtu mwenye macho yasiyopitwa, halilali. Mwalimu Hidaya akaanza kumchunguza Semeni. Akaona mambo ambayo alikuwa akiyaona kila siku bila kuyapima. Kengele ikilia, Mhina alikuwa tayari uwanjani, mkavu, amechana nywele. Semeni alitokea nyuma ya jiko, sketi imelowa mpaka mapajani, imejaa vishona nguo, zile mbegu za porini zinazonasa, miguu ina majani na matope. Kila siku hivyo hivyo. Kila siku mstari wa sabuni.

Sasa msikilize hesabu ya mwalimu. Kwao Pangani, mtoto akifika shuleni ameloa, basi amepitia ufukweni kucheza. Hapakuwa na sababu nyingine ya kuloa asubuhi isiyo na mvua. Huku hakuna ufukwe, lakini kuna kijito bondeni, na Semeni hukivuka. Basi, akasema mwalimu moyoni, mtoto huyu hucheza mtoni. Na anayecheza njiani hawezi kuwatangulia wasiocheza. Kwa hiyo hatangulii. Kwa hiyo kibao chake kinapokuwa cha kwanza, kuna mkono uliokiweka pale kwa hila. Ilikuwa hesabu safi, kila mstari umekaa chini ya mwenzake, na jibu lilikuwa baya tangu mstari wa kwanza.

Kuanzia hapo hakuna alichofanya Semeni kisichomtia mwalimu shaka. Akinyamaza, anaficha. Akijibu, amejiandaa. Siku moja mwalimu alimkuta amesimama peke yake mbele ya ukuta, mkono juu, na alipoingia mtoto akaushusha ule mkono haraka. Mwalimu alirudi kwake jioni, akafuma mistari miwili ya sweta, akaifumua, akakaa akiwaza namna ya kumkamata.

Jumatano jioni akakwangua masizi ya sufuria yake, akayachanganya na tone la mafuta ya kula ili yasitoke kwa maji, akapaka nyuma ya kibao cha Mhina. Fikra yake ilikuwa hii: Mhina akishika kibao chake mwenyewe na kuchafuka, si ajabu. Lakini kama kuna mtoto mwingine mwenye vidole vyeusi, huyo ndiye anayekihamisha.

Mnaona mtego huo? Ulikuwa na mlango mmoja tu. Angepaka na nyuma ya kibao cha Semeni, angekamata watoto wawili, na angelazimika kujiuliza nani alianza. Hakupaka. Alishajua anamtafuta nani, na mtu wa namna hiyo humpata anayemtafuta.

Alhamisi, saa moja, msumari wa kwanza ulikuwa na kibao cha Semeni. Watoto wakapangwa, wakanyoosha mikono. Mwalimu alipita akitazama kucha kama kawaida. Vidole vya Mhina vilikuwa vyeusi, akavipita. Vya Semeni vilikuwa vyeusi. Mwalimu akafurahi, na ninawaambia, mwogopeni sana mtu anayefurahi kwa kumpata mwizi.

"Semeni, njoo mbele," akasema. "Vidole vyako vina nini?"

"Vyeusi, mwalimu."

"Umeshika kibao cha nani?"

"Cha Mhina."

"Kwa nini ukishike?"

"Kilikuwa kwenye msumari wangu."

"Msumari wako kwa lipi? Nani amekuona ukifika wa kwanza?"

Semeni akageuka akawatazama wenzake wa Kwekilole. Walikuwa saba pamoja na Mhina, na wengine wote walikuwa wadogo wa kimo kuliko yeye.

"Watoto wa Kwekilole," mwalimu akauliza, "nani kati yenu amemwona Semeni akifika hapa leo?"

Watoto wakatazamana. Waliulizwa kama wamemwona, na kwa kweli hawakuwa wamemwona. Kwa hiyo wakanyamaza, kama mtoto mwaminifu anavyonyamaza. Kama wamemwona Mhina akifika wa kwanza, hilo hawakuulizwa.

"Unaona. Huna shahidi."

Hapo Semeni akafanya jambo ambalo Kwemavumba yote ililizungumza kwa wiki nzima. Alishika pindo la sketi yake, akaliinua kidogo, akanyoosha mguu wake mmoja mbele ya mwalimu, ukiwa umelowa na una majani, akasema, "Miguu yangu hii, mwalimu."

Watoto wa Kwekilole wakashusha pumzi, kwa kuwa waliona shauri limekwisha. Lakini uso wa Mwalimu Hidaya ulikuwa umewaka. Alikolelewa yeye, kumnyooshea mkubwa mguu ni tusi lisilohitaji maneno.

"Unaninyooshea mguu mimi?"

Semeni akaurudisha mguu wake taratibu. Hakuelewa kilichotokea.

Mwalimu hakumchapa. Pengine ingekuwa nafuu. Alikwenda dirishani, akaufungua uzi wa Semeni, vizibo vyake vyote vikamwagika ndani ya kopo, na kila mtoto akavisikia. Akakitoa kibao ukutani akakifungia kwenye droo. "Hiki hakitatundikwa tena mpaka uje na mkubwa wako," akasema. "Darasani mwangu sitaki mwizi wa nafasi ya mwenzake."

Neno mwizi lilishatoka. Semeni akaenda kukaa nyuma kabisa, hakulia, na wakati wa uji mahali pake palikuwa patupu.

Ijumaa hakuja. Na hiyo Ijumaa kulitokea kitu kipya. Kengele ya saa moja ililia, mstari ukapangwa, na hakukuwa na mtoto hata mmoja wa Kwekilole. Walitokea saa moja na nusu, wote saba, wamelowa mpaka viunoni, wanatetemeka, soksi za Mhina zimekuwa rangi ya udongo. Wakaenda wenyewe mstari wa sabuni, wakaujaza.

Mwalimu akamwita mdogo kuliko wote, Mwajabu. "Mbona mmelowa namna hii?"

"Umande, mwalimu."

"Umande ulikuwepo na juzi."

Mwajabu akafikiri. "Juzi haukuwepo, mwalimu."

Umande haukuwepo juzi, kwenye milima hii ambayo nguo inayoanikwa asubuhi hulowa zaidi? Ni uongo, akasema mwalimu moyoni, tena uongo waliofundishwa. Shaka yake ikapata chakula kipya. Semeni amewapanga wenzake. Amewaambia wachelewe, walowe makusudi, wamkomoe mwalimu. Jumatatu wakachelewa tena, wamelowa tena, na mwalimu akawa na hakika. Mtoto wa miaka saba asiyejua kusema maneno mawili mfululizo alikuwa sasa kiongozi wa mgomo. Akili iliyozoea kushuku haioni aibu, hata mtoto anayeng'oka meno humgeuza jemadari.

Basi akaamua kwenda mwenyewe. Alimwomba mwalimu mkuu amwangalizie darasa, na Jumanne alfajiri, kulipopambazuka tu, akavaa gauni lake la kazi na viatu vyake vya kawaida, akashika njia ya Kwekilole. Njiani alikuwa akipanga maneno ya kumwambia bibi wa yule mtoto, na yalikuwa makali.

Njia ya Kwekilole hutumiwa na watoto wa shule peke yao. Wakubwa wanapokwenda mashambani hupanda juu, hawashuki bondeni. Kwa hiyo nyasi huinama kutoka pande zote mbili mpaka zinakutana katikati, na asubuhi hubeba maji ambayo kama hujawahi kuyapita huwezi kuyaamini. Hatua ya kumi, viatu vya mwalimu vililowa. Hatua ya hamsini, gauni liligandamana na magoti. Alipokifikia kijito alikuta kina jiwe la katikati, akavuka bila kukanyaga maji hata kidogo, na hapo akasimama. Alishayaweka makosa yote ya Semeni kwenye kile kijito, na kijito hakikuweza kumlowesha mtu.

Akageuka akatazama alikotoka. Nyasi zote za bonde zilikuwa nyeupe kwa umande, isipokuwa mstari mmoja wa kijani aliouacha yeye. Mtu ambaye angepita pale baada yake angepita mkavu. Mwalimu Hidaya akasimama pale maji yakimchuruzika, yeye ambaye zile hatua zake ishirini za mchanga hazikuwahi kumlowesha, na kwa mara ya kwanza tangu afike Kwemavumba shaka yake ikamgeukia mwenyewe. Hakuipenda. Aliendelea kupanda, lakini yale maneno makali aliyoyapanga hakuyakumbuka tena.

Bibi Chausiku alikuwa mlangoni anapepeta mahindi. Hakumtazama mgeni usoni kwanza. Alimtazama miguu, viatu vilivyojaa maji, gauni lililoshonwa vishona nguo kuanzia pindo hadi kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo umetangulia wewe."

Mwalimu akashtuka. "Umejuaje, bibi? Sijakutana na mtu yeyote njiani."

"Miguu mikavu haikutangulia," akasema Bibi Chausiku, na akaendelea kupepeta. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba jua limetoka. Wakati huo halikuwa methali, lilikuwa jambo tu ambalo kila mtu wa Kwekilole alilijua.

Mwalimu akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa mara ya pili. "Bibi, nieleze. Mimi si mtu wa huku."

"Hakuna kikubwa. Njia yetu ina umande, na watoto wakifika wameloa wanaugua kifua. Kwa hiyo kila mwaka nyumba moja inatoa mtu wa kutoa umande. Anatoka kabla ya wenzake, anapiga nyasi kwa fimbo, maji yote yanamwangukia yeye, wenzake wanafuata nyuma wakavu. Mwaka huu zamu ni ya nyumba yangu. Nyumba yangu ina watu wawili, na mimi magoti yangu unayaona."

"Kwa hiyo wenzake hawamwoni akifika."

"Watamwonaje naye yuko mbele, tena kwenye ukungu? Na tangu akae nyumbani hakuna anayekubali kutangulia, wanajitosa nyasini wote kwa pamoja."

Mwalimu Hidaya akainama. Mbele ya macho yake alimwona Semeni akitundika kibao cha kwanza, akienda nyuma ya jiko kukamua sketi yake na kung'oa vishona nguo kimoja kimoja ili asimame mstari wa maua, asifanikiwe hata siku moja, na huko nyuma Mhina akiingia na miguu yake mikavu. Na yeye mwalimu akipita kila asubuhi akiutazama ule ushahidi, akiusimamisha kivulini na kuupa sabuni.

"Alininyooshea mguu," akasema polepole.

"Aliniambia. Nikamwambia basi mwalimu ameshajua. Huku kwetu mtu akionyesha miguu yake, kesi imekwisha. Akaniambia, bibi, mwalimu hakujua, aliniita mwizi." Bibi Chausiku akaweka ungo chini. "Nimeshamfungia mzigo wake. Jumamosi anakwenda Korogwe. Sitamsomesha mtoto mahali anapotoa umande wa watu kisha anaitwa mwizi."

"Bibi, nisamehe."

"Mimi hukuniita mwizi. Mwombe aliyeitwa."

Semeni alikuwa nyuma ya nyumba, anasugua sufuria kwa majivu. Mwalimu akaenda akachuchumaa mbele yake, gauni likaburuzika kwenye matope, hakulijali. "Semeni," akasema, "nimekukosea. Wewe si mwizi. Ulikuwa wa kwanza siku zote, ukanionyesha, nami sikuwa na macho ya kuona. Ninakuomba urudi."

Mtoto alimtazama mwalimu wake miguu kwa makini, kama bibi yake alivyomtazama kabla. Kisha akafuta mikono yake kwenye kanga, akaanza kung'oa vishona nguo kwenye gauni la mwalimu, kimoja kimoja. Mwalimu akaviacha ving'olewe na machozi yakamtoka. Bibi Chausiku aliyaona yote hayo kutoka upenuni, akaingia ndani, akafungua ule mzigo, akatoa shati la shule.

Walirudi wote pamoja, mwalimu na watoto wanane wa Kwekilole, maana wale saba walikuwa bado hawajatoka, kwa njia iliyokuwa tayari imetolewa umande. Walifika shuleni saa mbili na robo. Mwalimu mkuu alikuwa ameanza somo la hesabu, lakini Mwalimu Hidaya akaomba watoto watoke nje wapangwe upya, wakaguliwe. Wa Kwekilole wote, na Semeni kati yao, walikuwa wakavu kabisa. Wakasimama mstari wa maua. Hapo mwalimu, na maji bado yanamtoka kwenye viatu, akaenda kivulini akasimama mstari wa sabuni, peke yake.

Watoto hawakujua kama wacheke au waogope.

"Niambieni," akasema kutoka pale aliposimama, "kwenye njia ya Kwekilole leo, nani alitangulia?"

"Wewe, mwalimu," akasema Mwajabu.

"Umejuaje? Uliniona?"

"Sikukuona. Miguu yako."

"Na siku zile nyingine, kabla ya Alhamisi, ni nani aliyekuwa akisimama hapa kila siku na miguu kama hii?"

Wote waligeuka wakamtazama Semeni, na Semeni akatazama chini. Kisha kukawa na mwendo kwenye mstari wa maua. Mhina alikuwa ametoka. Aliingia darasani, wakamsikia akihangaika na uzi dirishani, akatoka na uzi wake mwenyewe mkononi, vizibo vyote vikining'inia, akamkabidhi Semeni. Alikuwa analia.

"Baba huniuliza kila jioni nimekuwa wa ngapi," akasema. "Nikisema wa pili, hanijibu."

Mwalimu akamtazama, na hasira yote aliyokuwa amemwekea njiani akaikosa. "Wewe ulihamisha kibao, Mhina," akamwambia. "Mimi nilipaka masizi kibao kimoja badala ya viwili. Leo kwa baba yako tutakwenda wote wawili." Akafungua droo, akatoa kibao cha Semeni, akampa akitundike mwenyewe. Semeni akakishika, akausogelea ukuta, akakitundika msumari wa mwisho, maana siku ile hakuwa ametangulia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mstari wa sabuni ulivunjwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo aliyefika ameloa alipelekwa kwanza jikoni akakae karibu na moto wa uji, kisha ndipo akaulizwa alikopita, na jibu lake likasikilizwa mpaka mwisho. Siku ya kufunga shule sweta lilikwenda Kwekilole. Muhula uliofuata Semeni aliendelea kutoa umande mpaka zamu ya nyumba yao ikaisha, na kila asubuhi alilibeba lile sweta kichwani ndani ya mfuko wa nailoni ili lisilowe, akalivaa alipofika jikoni.

Neno la Bibi Chausiku likashuka bonde na watoto, likaingia sokoni, likaingia kwenye mabaraza na mikutano. Watu walilitumia kwa anayejisifu kwa kazi ya mwingine, na pia kwa hakimu wa haraka, anayemtazama mtu usoni na kusahau kumtazama miguu. Mwalimu Hidaya alikaa Kwemavumba miaka kumi na minne, na hata alipobobea katika kazi, mtoto akishtakiwa mbele yake, alitazama chini kwanza.

Haya, maharage yamekwisha. Nyie leo mlikuwa mmekaa mbele kabisa pale mkutanoni, karibu na meza. Mliviona viatu vya mwenyekiti, vile vyeupe visivyo na doa la udongo? Mzee Kaniki aliviona, naye alikuwa amekaa nyuma, pamoja na wale waliochimba. Miguu mikavu haikutangulia.